Hesabu ya Mikono

Mkutano mkuu wa kumi na tisa, ukumbi wa skuli, Wete.
Mimi ndiye karani: kalamu mbili, daftari la wanahisa,
na kikombe cha chai ambacho nzi amekiwahi.

Ukurasa wa kwanza bado unanuka makonyo.
Mwaka ule benki ilikuwa kasha la mninga
chini ya kitanda cha Bi Mize Kombo, Utaani:
kufuli tatu, funguo tatu, wanawake watatu
tuliowachagua kwa sababu hawasemezani.
Haikupotea hata thumni.

Kisha tukawa wengi.
Wa Mtambwe, wa Kojani, wa Kiuyu, wa Micheweni,
elfu mbili na ushei, kila mmoja na vihisa vyake,
na kasha likawa jengo, jengo likapata feni na meneja.
Chetu sote. Basi nani akaulize?
Mkutanoni tulifuata biriani,
taarifa ya fedha tukafungia maandazi.
Cha mlevi huliwa na mgema, na sisi
hata kulewa hatukulewa, tulisinzia tu.
Katika kila mia ya mikopo, thelathini haikurudi,
na meneja Asaa akaezeka nyumba ya pili kwa vigae.

Ndipo akaja Bwana Sleyum Mbarouk,
mwenye maghala mawili na sauti ya chini,
akanunua hisa sitini na moja katika kila mia.
Sitamsingizia. Mwenye chake hulala jicho moja.
Alifika saa moja asubuhi kuhesabu foleni,
akapitisha kidole juu ya meza kutafuta vumbi.
Asaa aliondoka hata mwezi haujaandama.
Wadaiwa sugu wakalipa, wengine usiku, kwa aibu.
Faida ikapanda mara tatu. Ni kweli:
mimi mwenyewe niliijumlisha, kisha nikairudia.

Ila ukurasa wa arubaini na mbili
una mkopo mmoja, mrefu kuliko ukumbi huu,
kwa jina la mkwewe. Dhamana: neno lake.
Na pale palipokuwa na mistari mingi mifupi,
Time Shaame, majamvi ya kuanikia,
Faki Hamad, ujira wa wachumaji mpaka karafuu zikauke,
pana weupe. Kalamu yangu haijapita hapo misimu miwili.

Bi Mize kakaa mbele. Kusoma hajui.
Ana karafuu kumi fundoni mwa kanga,
ndizo hisa zake, huzipapasa moja moja.
"We Ngwali," kaniita, "hebu nisomee cha mkwe."
Watu wakanyamaza, feni ikasikika.
Mwenyekiti akasema hilo halimo katika ajenda.
"Basi litiwe," kasema bibi. "Tupige kura."

Zamani kura ilikuwa mkono,
wa mwenye shamba na wa mchuma kwa pishi
urefu wao mmoja.
Sasa ni hisa. Lakini mazoea yana taabu:
mikono ikapanda, yenye hina, yenye saa za dhahabu bandia,
yenye ule weusi wa karafuu usiotoka kwa sabuni.
Bi Mize kanyoosha yote miwili.
Nilihesabu watu mia nne na kumi na saba.
Hisa zao, kwa jumla, elfu tisa.

Bwana Sleyum hakunyoosha mkono.
Alikohoa, akanitazama,
nikaandika: wasiotaka, elfu sitini na moja.

Mie pia ni mwanahisa. Nne, tangu enzi ya kasha.
Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kalamu,
wa kushoto umeukandamiza ukurasa ule
usijifunue kwa upepo wa feni.